MBU WA UGENINI: CHANDARUA HAKIPUNGUZI IMANI

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.

Ndugu zangu wa Same, wa milimani na wa tambarare, na ninyi mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani.

Msimu wa safari umefika. Wapo wanaojiandaa kwenda Lamu kwa Maulidi, wapo wanaokwenda harusini Mombasa, wapo wanaopeleka familia Unguja kupumzika. Kijana mmoja ameniandikia: "Shekhe, tumekodi nyumba Mombasa kwa siku saba. Nimenunua chandarua cha kwenda nacho, wenzangu wananicheka. Wanasema mwenye imani haogopi mbu, na aliyeandikiwa kuugua ataugua tu. Je, maneno yao ni sahihi?"

Nikamjibu kwa kifupi: beba chandarua chako, wala usione haya. Lakini jibu refu nimeona niliweke hapa, kwa sababu maneno haya ya wenzake nimeyasikia mara nyingi, na nimeona yanakoweza kumfikisha mtu.

KWANZA: MBU SI KITU KIDOGO

Katika Suratul Baqara, aya ya 26, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba haoni haya kupiga mfano hata kwa mbu. Waliokuwa wakikanusha walidharau, wakauliza mfano gani huu. Waumini wakajua kwamba ni haki kutoka kwa Mola wao. Basi ukimdharau mbu kwa udogo wake, tazama uko upande gani wa aya hiyo.

Kipo pia kisa mashuhuri cha Namrud kuangamizwa na mbu aliyeingia puani. Kisa hicho kimo katika vitabu vya tafsiri, si katika Qur'ani yenyewe, basi tukisimulie kwa kiasi chake. Lakini hatuhitaji kwenda mpaka kwa Namrud. Malaria imewazika wengi katika makaburi yetu wenyewe ya Ndungu, Kihurio na Kisiwani.

PILI: TAWAKKUL SI KUACHA SABABU

Mnaijua hadithi ya yule Bedui aliyemuuliza Bwana Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wasallam) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Ameipokea Tirmidhi.

Na Sayyidna 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika mahali paitwapo Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu 'Ubayda akamuuliza, je, tunakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? 'Umar akamjibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano wa mchungaji aliyefika kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu: upande wowote atakaolishia, amelisha kwa kadari. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Mpare anauelewa mfano huu bila kufafanuliwa. Milima yetu ina upande wa mvua na upande wa ukame. Hakuna mfugaji wetu anayesema, "Nitawapeleka mbuzi upande mkavu, kama wameandikiwa kushiba watashiba." Basi na chandarua ni hivyo hivyo. Kulala bila chandarua ni kadari, na kulala ndani ya chandarua ni kadari. Wewe umepewa akili ya kuchagua upande wenye majani.

TATU: WAZEE WETU WALIJUA

Daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alipita Usambara kwa jirani zetu mwishoni mwa miaka ya 1890. Aliandika kwamba watu wa mlimani walimweleza kuwa homa huwapata wanaposhuka tambarare, na kwamba huko huumwa na wadudu waitwao mbu. Na ugonjwa wenyewe nao waliuita mbu. Ilikuwa ni katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1897, ambapo Ronald Ross kule India alithibitisha kwa darubini kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Wazee wa milimani hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na macho na kumbukumbu.

Ndiyo maana wazee wetu walijenga juu na kulima chini. Kwenye baridi ya milima yetu, joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi, kijidudu cha malaria hakikomai ndani ya mbu. Hiyo ni rehema. Lakini rehema hii ina upande wake wa hatari: mwili wa mtu aliyekulia Chome au Mamba haujazoea malaria. Mtu wa tambarare aliyeugua mara nyingi tangu utotoni huwa amejenga kinga kiasi fulani. Sisi wa juu tukishuka, tunashuka tukiwa kama watoto wachanga mbele ya ugonjwa huu.

Na vijana wa leo hawajui kwamba ardhi yetu hii iliwahi kuwa uwanja wa vita na mbu. Kati ya mwaka 1955 na 1959, watu wa Mradi wa Malaria wa Pare na Taveta walipita nyumba kwa nyumba, upande wetu na upande wa Kenya, wakipulizia kuta dawa iitwayo dieldrin. Malaria ilishuka sana. Upuliziaji ukasimama, na baada ya muda mbu wakarudi. Zingatieni: mbu alikuwa ndani ya nyumba zetu, akafukuzwa, akarejea ulinzi ulipoachwa. Na mpaka wa nchi mbili haukumzuia kuvuka.

NNE: NILICHOKIONA LAMU

Mwaka fulani tulisafiri msafara wa watu wanane kutoka Same, wengi wao wa milimani, kwenda Lamu kwa Maulidi yanayosomwa katika Msikiti wa Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh. Tulivuka Holili, tukalala Taveta usiku mmoja, tukalala Mombasa, kisha tukaendelea kwa basi mpaka Mokowe na kuvuka kwa boti. Kule tulikodi nyumba ya wageni kwa siku kumi, nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe yenye kuta nene na ua wa ndani.

Usiku wa kwanza hatukulala. Vyandarua vya nyumba ile vilikuwepo, lakini kimoja kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na kingine kilikuwa kifupi, hakifiki chini ya godoro. Mwenye chandarua kifupi amefungiwa ndani pamoja na mbu. Asubuhi tulinunua sindano na uzi, mzee mmoja wa msafara akakaa barazani akashona matundu yote kama anayeshona kanzu ya Idi. Kile kifupi tulikiongezea pindo la kitambaa. Usiku wa pili tulilala.

Lakini kilichonifundisha zaidi kilikuwa bafuni. Katika nyumba nyingi za kale za Lamu kuna birika la maji lililojengwa ukutani. Nilipochota maji ya kutawadhia nikaona samaki wadogo wanaogelea. Nikamuuliza bibi mwenye nyumba, kwa adabu, kama maji haya ni ya udhu au ni ya kufugia.

Akacheka. "Maalim, hao ndio askari wetu. Wanakula watoto wa mbu."

Subhaanallah! Watu wa Lamu tangu zamani hutia samaki kwenye birika ili wale viluwiluwi kabla havijaota mbawa. Hakuna moshi wala umeme, na maji yanabaki twahara.

Kisha akatusimulia kuhusu mwaka 2004. Mwaka huo mji ule ulipatwa na chikungunya, homa inayokunja viungo mpaka mtu mzima anatambaa. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya watu wa kisiwa kile waliambukizwa. Fikirini safu nne za swala, na safu tatu zimeugua. Ugonjwa ulifika Mombasa, mwaka 2005 ukafika Komoro, ukaendelea visiwa vingine vya Bahari ya Hindi.

Na jina hilo chikungunya ni letu. Limetoka katika Kimakonde, lina maana ya kujikunja, na ugonjwa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza huku kwetu Tanganyika, upande wa Newala, mwaka 1952 na 1953.

Sasa sikilizeni jambo lililonitikisa. Mtu angedhani ugonjwa wa mbu huja na mvua. Lakini kule Lamu ulikuja wakati wa ukame. Maji yalikuwa haba, watu wakayahifadhi majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu anayebeba ugonjwa ule akapata pa kutagia. Uwanda wa Makonde nao ni nchi yenye shida ya maji, watu huyahifadhi ndani.

Hapo nikaikumbuka hadithi ya Jabir bin 'Abdillah (Radhiya Allaahu 'anhuma), iliyoko kwa Muslim, ambapo Bwana Mtume anaamuru vyombo vifunikwe na viriba vya maji vifungwe midomo, na akataja usiku mmoja katika mwaka ambao maradhi hushuka na kuingia katika chombo kilicho wazi. Mimi sisemi kwamba hadithi ile inamzungumzia mbu. Sina elimu ya kudai hivyo, na tusiyatwishe maneno ya Mtume yale tunayoyataka sisi. Ninachosema ni kwamba aliyetii amri ile katika mji ule mwaka ule, akafunika kila mtungi na kila pipa, alimnyima mbu nyumba. Utiifu ulimnufaisha kabla hajajua sababu.

TANO: UKIKODI NYUMBA UGENINI

Wapo mbu wa aina tatu unaopaswa kuwajua, kwa sababu saa zao si moja.

Wa malaria, Anopheles, huuma usiku, hasa usiku mwingi mpaka karibu na alfajiri. Hana kelele nyingi. Tukikaa, hupenda miguu na vifundo.

Wa dengue na chikungunya, Aedes, ana madoa meupe miguuni na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. Huyu huzaa kwenye maji ya ndani: ndoo, pipa, chombo cha maua, tairi bovu.

Wa tatu ni yule mwenye kelele sikioni, Culex, anayezaa kwenye maji machafu ya vyoo na mitaro. Huyu pwani ndiye anayeeneza matende.

Sasa pima na ratiba ya ibada zetu. Magharibi, Isha na Alfajiri tunatoka kwenda msikitini. Tumevua viatu, miguu imetoka kuoshwa, na kama ulipaka dawa imeondoka na maji ya udhu. Kwa hiyo fanya haya:

Moja, paka dawa ya kufukuza mbu baada ya udhu, si kabla. Na ukitawadha tena, paka tena. Vaa kanzu ndefu na soksi.

Mbili, kabla hujalipa kodi, kagua. Tazama wavu wa madirisha, mlango wa bafu, ndoo za maji. Uliza kama kuna chandarua, kisha kifungue ukione kwa macho. Mweleze mwenye nyumba kwa upole, usimfedheheshe.

Tatu, beba chandarua chako chenye dawa, kamba, sindano na uzi. Usipigilie misumari ukutani kwa mtu bila idhini, hiyo ni mali ya mwenzako. Kamba ukiifunga kwenye pangaboi lisilotumika au nondo za dirisha inatosha.

Nne, chomeka chandarua chini ya godoro pande zote kabla jua halijazama, na angalia ndani kama hujamfungia mgeni. Ukilala kaylula mchana, lala ndani yake pia, kwa sababu yule wa mchana hapumziki.

Tano, ndoo zote za maji zifunikwe. Yale ya siku nyingi yamwage, sugua kingo za ndani, kwa sababu mayai hunata hapo.

Sita, pangaboi linasaidia kwa sababu mbu haruki vizuri kwenye upepo. Dawa za kuchoma zinazotoa moshi usizifungie chumbani na mtoto mdogo.

Saba, mjamzito, mtoto, na mtu wa milimani asiyezoea malaria wamwone daktari kabla ya safari. Zipo dawa za kinga kwa anayezihitaji, na daktari ndiye wa kuamua.

SITA: MASWALI YA FIQHI

Wameniuliza: damu ya mbu kwenye kanzu, je, swala inasihi? Katika madhehebu yetu ya Shafi'i hiyo imesamehewa. Swali, usijitie wasiwasi.

Wameniuliza: ile raketi ya umeme ya kuulia mbu, je, si kuadhibu kwa moto? Wanachuoni wa zama zetu walioizungumzia wameona haina ubaya, kwa kuwa umeme si moto unaokusudiwa katika katazo, na mbu ni mdudu anayedhuru.

Lakini nikisikia maswali haya hunijia hadithi ya Ibn 'Umar, iliyoko kwa Bukhari. Mtu wa Iraq alimwendea akamuuliza kuhusu damu ya mbu. Ibn 'Umar akastaajabu: watu hawa wamemuua mjukuu wa Mtume, kisha wanamuuliza kuhusu damu ya mbu!

Nasi tujiulize. Tunauliza kuhusu damu ya mbu kwenye kanzu, hatuulizi kuhusu damu ya mtoto aliyelazwa bila chandarua ilhali chandarua kimefunikia bustani ya mchicha. Ipi ni nzito mbele ya Mungu?

SABA: HOMA INAYOKUFUATA MPAKA NYUMBANI

Hili ndilo nililotaka mlisome hata kama mmeyaruka yote ya juu.

Tuliporudi kutoka Lamu, kila mtu alikwenda kwake. Katika msafara alikuwemo kijana wa milimani, mwenye afya, mbeba mizigo yetu yote. Siku kumi na mbili baada ya kurudi alishikwa na homa na kutetemeka. Nyumbani wakasema ni baridi na uchovu wa safari. Wakampa chai ya tangawizi, wakamfunika mablanketi. Siku ya tatu akaanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, hamtambui hata mama yake. Hapo ndipo nikaitwa. Sikuitwa kumpeleka hospitali, niliitwa kusoma ruqya. Walisema ameingiwa na majini wa pwani.

Mama yake alinipokea mlangoni analia. "Shekhe, mwanangu amerudi na kitu cha Lamu."

Nikamwambia, "Mama, huenda amerudi nacho kweli. Lakini kitu hicho kina kipimo chake hospitali."

Baba yake mdogo akakataa. Akasema, "Huku kwetu hakuna mbu, Shekhe. Malaria itoke wapi? Wewe soma."

Nilisoma. Nilimsomea Al-Fatiha, Ayatul Kursiyy na Mu'awwidhatayn, kwa sababu Qur'ani ni ponyo na hatuiachi. Na wakati ninasoma nilikuwa nimeshamtuma kijana mwingine atafute gari. Nilipomaliza nikamwambia baba mdogo: "Nimefanya mliloniitia. Sasa fanyeni alilotuamrisha Mtume, aliyesema tutafute tiba. Mkikataa, mimi nitambeba mgongoni."

Walikubali. Tulishuka naye usiku kwenye barabara ya vumbi, mama yake amempakata kichwa. Hospitali walimuuliza swali moja la kwanza: amesafiri? Wakapima. Ilikuwa malaria kali, imeshapanda kichwani. Wakamwanzishia sindano usiku ule ule. Daktari alituambia kwamba saa chache zaidi zingetosha kumkosa.

Alipona, Alhamdulillah. Leo ana mke na watoto wawili. Aliumwa Lamu, au Mombasa, au usiku ule wa Taveta? Mungu ndiye ajuaye, na hatuna haki ya kumtuhumu mwenye nyumba yeyote. Malaria hukaa mwilini siku saba, kumi na nne, hata mwezi na zaidi, kabla homa haijatokea. Mtu anakuwa ameshasahau safari.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukipata homa ndani ya wiki au miezi baada ya safari, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mganga ulikokuwa. Ukipewa dawa mseto, maliza siku zote tatu hata kama umejisikia nafuu siku ya pili. Na kama homa imekuja na maumivu makali ya viungo au nyuma ya macho, usimeze aspirini wala dawa kali za maumivu kabla ya kupimwa, kwa sababu kama ni dengue zinaweza kukutoa damu. Parasetamoli na maji mengi, kisha hospitali.

Na ulale ndani ya chandarua hata baada ya kurudi. Mgonjwa akiumwa na mbu wa nyumbani, anaweza kumkabidhi mbu yule ugonjwa aupeleke kwa jirani. Tumefundishwa kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara. Na jirani yako ana haki juu yako.

MWISHO

Same yetu ni nchi ya ukame. Kila nyumba ina pipa, dumu au tangi. Yale yaliyowapata watu wa Lamu katika ukame wao yanaweza kutupata sisi katika ukame wetu, maana basi linalotuleta kutoka pwani linambeba na mgonjwa, na mbu wa mchana anahitaji pipa moja tu lililo wazi. Leo baada ya Alasiri, kabla hujafungua simu tena, zunguka nyumba yako. Funika kila chombo ukisema Bismillah. Mweleze mkeo, waeleze watoto, mkumbushe bibi kizee jirani asiye na wa kumfunikia tangi lake, na ukiweza kalifunike wewe.

Na wewe kijana uliyeniandikia, nenda salama na chandarua chako. Wakikucheka waonyeshe makala hii. Na kama kina nafasi, mkaribishe mmoja wao ndani.

Ewe Mola wetu, tulinde safarini na majumbani, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia kwa homa hizi, na utujaalie tuwe wenye kufunga ngamia kisha kukutegemea Wewe. Aamiin.

Wallaahu a'lam.

Msambazie mwenzako anayesafiri. Aliyeelekeza kheri ana ujira kama wa aliyeitenda.

Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.